Fomu Mia Nne na Kumi na Mbili za Bofu

Mgeni wetu wa Heshima, ambaye hajafika. Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye yuko ng'ambo ya feri na ametuma salamu. Mwakilishi wa huyo mwakilishi, uliyewahi kufika ukakosa kiti, tuwie radhi. Wazee wa mtaa pamoja na wake zenu. Maimamu na wachungaji mlioniruhusu kutangaza misikitini na makanisani. Rashad mpigapicha, ambaye bila yeye historia haina ushahidi. Wazazi, walezi na vijana mliomaliza Kidato cha Nne hapa Bofu na vitongoji vyake. Na bila kujisahau, maana anayejisahau atasahauliwa na wengine, mimi mwenyewe: itifaki yote izingatiwe, na ikiwa kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho aniandikie barua, nitamjibu katika muda wa siku thelathini za kazi.

(Makofi machache. Watu waliitwa saa nne asubuhi. Sasa ni saa kumi kasoro robo.)

Kwa wale wachache wasionijua, jina langu ni Absalom Mwarandu, Mratibu Mkuu wa Kituo Jumuishi cha Kusimamia Chaguo za Vyuo na Matarajio ya Vijana, Likoni, Tawi la Bofu. Tawi la Bofu ndilo makao makuu. Na kama ilivyo desturi ya kituo chetu, nikisema "Chaguo lako," ninyi mnasema "Jukumu letu." Chaguo lako?

(Wachache: "Jukumu letu." Sauti ya Felix, karani wake, inasikika kuliko zote.)

Naam. Ndugu zangu, zamani kijana wa Likoni akipata alama zake za kwenda chuo kikuu, alikuwa akienda zake saibaa peke yake kama yatima, anafungua mtandao, anachagua chuo ovyo ovyo, halafu anakaa miezi kusubiri jibu. Nikajiuliza, kwani kijana huyu hana serikali? Ndipo kwa hekima niliyojaliwa nikabuni Frimuweki ya Uchaguzi wa Pamoja, ambapo kijana hachagui peke yake wala hasubiri peke yake, bali anajaza fomu yetu ya karatasi, anamkabidhi Felix, na sisi kama kituo tunamjazia kwenye mtandao kwa utaratibu, kwa weledi na kwa stempu.

(Msichana wa miaka kumi na minane, Salha, ananyanyua mkono katika safu ya tatu. Mamake, Mwanasaumu, ameketi kando yake na kumshikia simu.)

Maswali mwishoni, binti. Utaratibu ni utaratibu.

Nije kwenye takwimu, maana kiongozi asiye na takwimu ni mpiga soga tu. Tumepokea fomu mia nne na kumi na mbili. Katika hizo, asilimia sitini na tatu ni wasichana, asilimia arobaini na nane ni wavulana, na asilimia tisa walijaza kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo tumelikemea. Kila fomu ina chaguo nne, kwa hiyo kituo hiki kimebeba matarajio elfu moja mia sita arobaini na nane. Hebu niambieni, ni afisi gani nyingine Pwani hii iliyobeba mzigo huo bila hata kiyoyozi?

(Mzee mmoja: "Hakuna." Anapewa maji.)

Na tuliwapa nasaha. Tulisema, Bofu oyee, musikimbilie mbali. Kijana anachagua chuo cha Eldoret, je, baridi ya Eldoret anaijua? Anakwenda na kanzu moja na sweta la dadake, akirudi ana kikohozi mpaka harusi yake. Tukasema pia chuo cha kuvuka feri kila siku ni mtihani juu ya mtihani, maana kuna watu wamezeeka kwenye foleni pale Likoni na bado hawajafika mjini. Ndiyo tukaja na kipimo chetu cha kisayansi: chuo bora ni kile ambacho mama anaweza kupeleka wali ukafika ungali na moto.

(Kicheko. Salha amesimama sasa. Anasema kwa adabu: "Shikamoo, Bwana Mratibu. Swali langu ni moja tu. Dirisha la maombi linafungwa leo saa kumi na moja jioni. Nataka kujua chaguo zangu zimeshaingia?")

Marahaba, binti. Adabu unayo, haraka ndiyo imekuzidi. Ni saa kumi na dakika tano. Dakika hamsini na tano ni nyingi. Mimi kwa dakika hamsini na tano niliwahi kufungua choo cha soko na kukifunga. Keti.

Lakini kwa kuwa umejitokeza, acha tukutumie kama mfano hai. Felix, nipe faili. Felix. Ndiyo, hilo. Nitafute... Salha, Salha, hii hapa. Alama ya B kujumlisha, hongera. Chaguo la kwanza: uuguzi, chuo cha bara. Chaguo la pili: uuguzi, chuo cha hapa Pwani. Chaguo la tatu: famasia. Chaguo la nne ameandika, nasoma kama lilivyo, "Mama ataamua." Mnaona jamii yetu ilivyo na maadili?

(Mwanasaumu anasimama. "Mimi nilishaamua, Bwana Mratibu. Siku tisa tulivutana hapo nyumbani, mimi nataka awe karibu, yeye ataka kwenda. Mwisho nikamwambia nenda, mwanangu, nimekuridhia. Wallahi haikuwa rahisi. Sasa sisi twataka kujua kitu kimoja. Hiyo fomu, ikiwa iko mkononi mwako, huko ilikopelekwa imepelekwaje?")

Swali zuri, mama, na linaonyesha kwamba elimu ya uraia imefika mashinani. Hii niliyo nayo ni nakala mama. Katika mfumo wetu wa dijitali kuna nakala mama, nakala mtoto, na nakala ya kumbukumbu. Hayo ni mambo ya kitaalamu, yaachie kituo.

(Salha: "Basi niruhusu nijaze mwenyewe kwa simu, nusu saa yatosha." Watu wanaguna.)

Hapo ndipo ninapokasirika. Hapo hasa. Nilitangaza Ijumaa, nikatangaza Jumapili, nikabandika karatasi kwenye duka la unga: mtu yeyote ambaye kituo kimemjazia, halafu na yeye akajijazia, mfumo utayaona maombi mawili na utamtupa kote kuwili. Hapati uuguzi, hapati famasia, hapati hata hicho chuo cha mama na wali wake. Nani kati yenu amejaza mwenyewe? Anyooshe mkono.

(Hakuna mkono. Mia nne na kumi na mbili wametii.)

Hongereni. Hii ndiyo nidhamu inayotafutwa duniani. Wageni kutoka ng'ambo wakija wataniuliza, Mwarandu, uliwezaje kuzuia vijana mia nne wenye simu wasizitumie? Nami nitawajibu, kwa uongozi. Chaguo lako?

(Felix peke yake: "Jukumu letu.")

Sasa nizungumzie maono ya mbele, yaani rodimapu. Ifikapo mwaka wa elfu mbili na thelathini na tano, kituo hiki kitakuwa na jengo la ghorofa tatu, ghorofa ya kwanza ya kuchagua, ya pili ya kusubiri, ya tatu ya kufurahi. Waliokosa watapitia ngazi ya nyuma ili wasiwavunje moyo wenzao. Tutafungua matawi Magongo na Port Reitz. Tutakuwa na kompyuta arobaini, na mtandao usiokatika, na mtaalamu mmoja kwa kila kijana, na kiti maalumu cha mzazi mwenye presha. Na mimi, ingawa sipendi kusifiwa, nimekubali shingo upande ukumbi mkubwa uitwe jina langu.

(Makofi kutoka meza kuu. Mwanasaumu hajaketi tangu aliposimama. Ni saa kumi na dakika arobaini. Salha anasema: "Bwana Mratibu, nakuomba kwa Mungu. Nijibu ndiyo au la.")

Binti, uongozi haujibu kwa ndiyo au la. Kusubiri ni sehemu ya elimu, na subira yavuta heri. Mimi mwenyewe nilisubiri cheo hiki miaka kumi na sita, na siku nyingine nilikisubiri nikiwa nimesimama. Nipe dakika chache nishukuru watu, maana muungwana hashuki jukwaani bila shukrani, kisha nitakuja kwako.

Namshukuru kwanza mwenye saibaa pale stejini pa matatu, aliyetuazima kompyuta sita siku ile ya picha, na akawa na utu wa kungoja mpaka Rashad amalize ndipo akazibeba kurudi nazo. Nalishukuru duka la vifaa lililotupa rangi ya kuandika jina la kituo ukutani. Ukuta wenyewe ni wa shangazi yangu, naye namshukuru. Namshukuru Felix, karani, msarifu, mlinzi na mtaalamu wetu wa dijitali, ambaye hana kompyuta lakini ana moyo.

Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru ninyi, vijana mia nne na kumi na mbili. Bila ninyi tusingefika hapa. Maana tulipoandika barua ya kuomba kituo hiki kianzishwe, wakubwa walituuliza, mna ushahidi gani kwamba vijana wa Bofu wanahitaji kituo? Tukasema, subirini. Leo ushahidi tunao. Fomu zenu zote, bila hata moja kupotea wala kutoka nje ya faili hili, zitaambatishwa na lile ombi, na kesho asubuhi inshallah tutalipeleka. Likikubaliwa, kituo kitaanza. Nani kama Bofu?

(Saa kumi na dakika hamsini na nne. Kisha viti vinaanza kukwaruza sakafu, na simu zinatoka mifukoni, mikobani, ndani ya mabuibui, mia nne kwa mpigo. Mwanasaumu anampa Salha simu. Vichwa vyote vimeinama.)

Aa, jamani. Jamani mnaniaibisha. Sikutarajia mapenzi haya. Wote mwataka kunipiga picha? Nielekee upande upi, huku au huku? Felix, nishikie faili kidogo, lisije likaniziba tai.

(Sauti ya mvulana nyuma: "Mtandao umekwama." Nyingine: "Hata mimi. Yazunguka tu." Mwanasaumu anampepea bintiye kwa upindo wa mtandio, midomo yake inasoma dua.)

Msiwe na haraka, pigeni picha kwa zamu, mimi nipo. Nimewaambia hapa kuna nidhamu. Lakini wanangu, mbona mmeinamia simu hivyo? Rashad anataka picha ya pamoja, mimi na mavuno yangu, na hataki utosi wa mtu. Inueni nyuso. Hebu inueni nyuso, dakika moja tu, mtazame huku.

(Hakuna anayeinua. Dakika zinapita. Kisha simu moja inateremshwa magotini, na Salha anainua uso. Ni saa kumi na moja na dakika moja.)

Naam, huyo hapo. Yule binti wa uuguzi. Analia, masikini, angalieni alivyoguswa. Rashad, mpige huyo, mpige haraka kabla hajajifuta, tutaiweka kwenye jalada la ombi.