Waridi Lililolazwa Msimbazi

Kariakoo nzima hakuna anayejua maua kama mimi. Kwa jina, kwa rangi, kwa harufu, niulizeni. Ni kweli kwamba mengi nimeyaonea kwenye kanga, na mbegu pekee niliyowahi kuipanda kwa mkono wangu iliota mchicha. Lakini habari hii ni ya hakika, isipokuwa pale nilipoitia chumvi.

Masika ya mwaka hamsini na sita, mtaa wa Msimbazi alikaa bwana mmoja mtanashati, Kitwana. Kazi hakuwa nayo, ila shughuli zilimzidi. Alipata kufanya kibarua kwenye bustani ya Mzungu, wiki mbili akifagia majani. Ya tatu, saa ya Mzungu ilipotea, na Kitwana naye akapotea siku ileile. Mambo hugongana.

Siku moja anapita uchochoroni, akamsikia Bi Zamzam analia. Hakufiwa. Waridi lake, lililopandwa kwenye debe uani, lilitoka madoa meusi, majani yakageuka manjano na kupukutika. Na Bi Zamzam alikwisha kujiapiza mbele ya wakwe kwamba bintiye Sophia, anayeolewa baada ya Idi, atapambwa kwa maua ya uani kwao, si ya kununua. Wakwe wenyewe ni watu wa pua juu; wangelisema jambo hilo mpaka Sophia apate wajukuu.

Kitwana akakimbia kwake, akavaa koti la kaki, akachomeka kalamu tatu mfukoni, maana mwenye kalamu tatu nani atamwita mwongo? Akarudi kupiga hodi.

"Shikamoo, Bi Zamzam. Bwana Miti wa Serikali."

"Marahaba. Bwana Miti, au Kitwana yule anayepita kwa mlango wa nyuma akimwona mwenye nyumba?"

"Wote wawili, mama."

Akashika jani, akaligeuza, akalibana kipima joto. Akangoja. Akatikisa kichwa.

"Mnatawadhia wapi?"

"Hapahapa. Na maji tunalirushia, lipate baraka."

"Magharibi?"

"Na isha."

"Basi majani yanalala yamelowa, ndiyo maana yametoka madoa."

Hiyo ilikuwa kweli tupu. Ilimponyoka tu, na akajirekebisha upesi: "Lakini hali ni mbaya, mama. Lazima alazwe."

"Alazwe wapi?"

"Kwangu. Nina wodi."

Akachukua kuku wa kufungulia mkoba, kama waganga, akapakia debe kwenye mkokoteni. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Bwana Marcelino, karani Mgoa wa bandarini, alikuwa akitafuta waridi la kumtuliza mkewe. Kesho yake angeuziwa hilo, na Bi Zamzam angepewa pole.

Kosa lake ni kutamka kwamba amelazwa. Wanawake wa Kariakoo mtu akilazwa hawaulizi ni nani, wanajitanda kanga na kwenda kumtazama. Saa kumi alasiri Bi Zamzam akatokea na wenzake sita. Jirani yao Evarista alibeba uji.

"Kwani Ramadhani haijaanza?" akauliza Kitwana.

"Mgonjwa hafungi," akajibu Evarista. "Ameshindaje?"

"Amepata usingizi kidogo."

"Na hayo majani mabovu unamwachia ya nini? Ndiyo uuguzi huo?"

Kesho wakaja tena. Na keshokutwa. Marcelino naye alipochungulia akasema hanunui maiti, likipona aitwe. Hapo Kitwana, kwa aibu kubwa ya maisha yake, akaanza kufanya kazi halali. Alichuma kila jani lenye doa, akaokota yaliyoanguka, akayachoma moto yote. Akabadilisha udongo wa juu. Akaliweka penye jua la asubuhi, na mvua ikija analikimbiza barazani. Maji alimwaga shinani tu, asubuhi, jani lisiguswe. Akanunua hata unga wa kiberiti, ule wa kupaka upele, akalinyunyizia. Tangu azaliwe hakuwahi kuchoka vile.

Mwezi wa Idi ulipoandama, waridi lilikuwa na majani mapya ya kijani kibichi na matumba kumi na mawili. Zikabaki siku mbili harusi ifike. Kitwana akalisukumia uvunguni mwa kitanda, akamwita Marcelino, akajipaka kitunguu machoni, akaenda kwa Bi Zamzam.

"Mama, jikaze. Ametutoka."

"Lini?"

"Alfajiri. Nimemzika bondeni Jangwani. Maji yamepita juu ya kaburi, hata alama haipo."

Maua ya bintiye yalikuwa yamezikwa, wala Bi Zamzam hakulia. Akachukua kanga ya pili.

"Haya. Tunakuja msibani."

"Aa, mama, msijisumbue..."

"Tulimtazama akiumwa, tusimlilie akifa?"

Haikupita saa, wanawake kumi wamekaa mkekani chumbani kwa Kitwana, magoti yakigusa kitanda, wanasubiri chai. Msiba bila chai si msiba. Sukari yake ya mwezi ikaisha, akatumwa mikate.

"Marehemu alisema nini mwisho?" Bi Zamzam akauliza.

"Aliwasalimu."

"Na hii harufu nzuri?"

"Marashi, mama. Nimenyunyiza, kwa heshima yake."

"Hodi!" Marcelino huyo mlangoni, kofia mkononi. "Bwana Kitwana, teksi inangoja. Mke wangu amekwisha kuchimba shimo, lete waridi langu."

"Loo!" akasema Bi Zamzam. "Kumbe hajazikwa."

Akainama, akafunua shuka, akavuta debe mpaka katikati ya mkeka. Matumba matatu yalikuwa yamekwisha kuchanua. Evarista akaweka kikombe chini. Wanawake wote, na Marcelino na kofia yake, wakamgeukia Kitwana.

Kitwana akashika jani, akaligeuza.

"Huyo si yeye, Bi Zamzam," akasema. "Marehemu alikuwa na pacha."