Maana Tano kwa Suti Moja

Kamusi aliposikia kwamba hoteli mpya inatafuta mtu wa mapokezi, tena kazi yenye chumba cha kulala, alijitazama kwenye kioo cha duka akaona kasoro moja tu: nguo. Chumba alikihitaji. Alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, na shemeji yake alishaanza kuhesabu vijiko.

Hapohapo akamsikia fundi cherehani kibarazani akimlalamikia mkewe: hoteli hiyohiyo inataka wa kushona sare, ila meneja, watu wanasema, ni Kiingereza kitupu.

Kamusi akapanda ngazi. "Kaka, watu wanakutisha bure. Kuna neno moja linabeba Kiingereza kizima. Nikikupa hilo, meneja atakuita ndugu."

"Neno gani?"

"Kwanza suti. Nami naomba kazi hukohuko, nimechoka kochi la dada."

Wakapatana: maana tano, suti moja. Fundi, ambaye kwa tamaa hakuwa na mpinzani mtaani, akakata kitambaa cha mteja aliyesafiri.

Neno lenyewe lilikuwa pick up.

"Sindano imeanguka, unaiokota: pick up," Kamusi alisema siku ya kujaribu suti, fundi akimzunguka na pini mdomoni. "Mgeni yuko stesheni, unampitia: pick up. Simu inalia, unapokea: pick up."

"Hilohilo?"

"Hilohilo."

"Kumbe Waingereza ni mabahili," alisema mke wa fundi, macho yakiwa kwenye tundu la kifungo.

"Haya, kaka. Biashara ilidorora, sasa imechangamka?"

"Pick up!"

"Umeiva."

"Bado ya tano," fundi alisema.

Ya tano Kamusi hakuwa nayo. Hata hizo nne alizidaka kwa dereva wa teksi. Lakini suti ilikuwa mwilini, imemkaa kama ya bwana harusi, na usaili ulikuwa mchana huohuo.

"Ngoja niione rangi juani," akasema. Akatoka kibarazani, akashuka ngazi, akakata kona.

"Mfukuze!" mke wa fundi akaruka. "Mume wangu, tumeibiwa!"

Fundi akatafuta viatu vyake bila haraka. "Nimfukuze ya nini? Ninakokwenda ndiko alikokwenda. Na ile nguo nimeipiga bandi tu."

Bandi ni mishono mirefu, legevu, ya kushikiza vipande mteja ajaribu. Akishajaribu, huvua kwa adabu, ndipo nguo ishonwe. Kila mtu anayeshonesha analijua hilo. Kamusi tangu azaliwe alivaa mitumba.

Hotelini aliingia kifua mbele, akamnyooshea mkono meneja, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Wakashikana mikono. Kamusi alipourudisha wake, mkono wa koti ulibaki kwa meneja.

"Karibu," alisema mama yule kwa Kiswahili kilichonyooka, akiutazama. "Na pole."

Kamusi hajafungua kinywa, fundi akabisha hodi, mkoba begani.

"Samahani, bosi. Huyu ni mtu wangu, nilimtanguliza. Nilitaka uione nguo kabla haijashonwa. Simama wima, kijana. Geuka."

Kamusi akapima. Akikana kwamba ni mtu wa fundi, ni mwizi wa suti. Akikubali, basi hakuja kuomba kazi. Akageuka.

Fundi akavuta uzi mmoja, mgongo wa koti ukafunguka kama pazia. Kisha akatoa sare mkobani. "Na hii ndiyo iliyoshonwa. Vuta, bosi. Vuta kama unagombana nayo."

Meneja akavuta. Haukukatika hata uzi mmoja.

"Sare ni zako, fundi," akasema. Akamgeukia Kamusi. "Na kijana wako mbona kimya? Natafuta mtu wa mapokezi, lakini awe mzungumzaji."

"Huyu?" Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Huyu, bosi, ni wa kusimama tu."

Koridoni fundi akamvua Kamusi koti kipande kwa kipande, akavikunja vizuri mkobani.

"Suruali utanirudishia ukifika kwa dada yako," akasema. "Ila ukishuka ngazi, kijana, piga hatua fupifupi."