Waya Mmoja, Milango Mitatu

Jumanne, 1 Februari 1994

Mpango umeiva! Mzee Mansukhlal, fundi wa redio na televisheni hapa Kariakoo, anatafuta mtu wa kumfundisha kazi. Kiti kimoja tu. Nisipokikalia mimi, Mama atanipeleka kujifunza kupiga taipu. Anasema binti aliyemaliza kidato cha nne hawezi kushinda nyumbani akifungua redio kwa bisibisi. Hasa redio nzima.

Kumwomba mtu kazi siwezi. Ulimi unaganda. Lakini nimegundua kitu: Mzee hamkatalii mteja wa kwanza wa siku. Anaamini riziki ya siku nzima imo mikononi mwa mteja huyo. Basi nitakuwa mteja wa kwanza, nitaomba kazi, atashindwa kukataa. Safi!

Nilimkuta anatundika ndimu na pilipili mlangoni, kufukuza kijicho. Udi unafuka. Shikamoo. Marahaba, binti, unataka nini? Nikafungua mdomo. Nikaomba rezista moja, kile kijiti cha kupunguza umeme. Yenye mistari ya kahawia, nyeusi, chungwa, rangi pekee nilizozikumbuka. Akaifunga kwenye kipande cha gazeti kwa heshima zote.

Alhamisi, 3 Februari

Jana rezista. Leo rezista. Mzee akauliza natengeneza kitu gani kinachokula rezista kama karanga. Nikasema kengele ya wezi. Uongo mtupu! Akafurahi mno. Kumbe mwizi alipita mlango wa nyuma akabeba deki ya video mpya kabisa. Anataka kengele moja, waya mmoja, milango mitatu: wa mbele, wa nyuma na wa stoo. Akasema niilete Jumatatu. Ikifanya kazi, atanipa nitakachoomba.

Polycarp akasikia! Huyu anauza soksi kwenye baraza la jirani na mdomo wake hauhitaji spika. Akamwambia Mzee asihangaike na vitu vya watoto wa shule, siku hizi kila kitu kinashuka kutoka Dubai kikiwa kwenye boksi. Akaniita Dada Rezista. Baraza zima likacheka. Majibu makali yalinijia nilipofika nyumbani.

Jumamosi, 5 Februari

Nimejenga. Transista tatu, yaani swichi ndogo za umeme, moja kwa kila mlango. Miguu yake ya kolekta, ya kupokea umeme, nimeikutanisha kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye kengele. Mlango ukifunguliwa, transista yake inaamka na kuushusha waya, yaani umeme wake, hadi hasi ya betri. Waya ukishuka, kengele inalia. Milango yote ikifungwa, transista zinalala, waya unapanda, kengele inanyamaza.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Nilifunga milango yote mitatu ya nyumba. Ikalia. Nikipunga mkono karibu na waya inakohoa, kisha inalia tena. Wapangaji wakatoka. Mama Marcelino wa chumba cha mbele akauliza nani amefariki.

Nikaona waya hauna nguvu. Nikaupa nguvu: nikauunga moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Kimya! Ushindi! Nikafungua mlango wa uani.

Pu!

Transista imetoa moshi. Mama akasema taipu haitoi moshi.

Jumatatu, 7 Februari

Polycarp alinitangulia. Vifaa vitatu vya kengele kutoka Dubai, kimoja kila mlango, vinang'aa. Mzee akamkumbusha kwamba anataka waya mmoja. Polycarp akasema hilo dogo, akazifunga nyaya zote tatu pamoja kama mafungu ya mchicha. Dakika hiyo hiyo harufu ya plastiki inayoungua ikaushinda udi.

Mzee hakukasirika. Akaitazama na kengele yangu niliyokuja nayo. Akasema kila kifaa cha Polycarp kina mikono miwili, wa kusukuma waya juu na wa kuuvuta chini. Kimoja kikisukuma na kingine kikivuta, vinaunguzana. Transista zangu zina mkono wa kuvuta tu, kolekta imeachwa wazi, ndiyo maana zinaweza kutumia waya mmoja bila ugomvi. Nikajivuna kidogo.

Lakini, akaniuliza, nani anaupandisha waya? Akanionyesha mlango wa duka wenye springi. Yeyote anaweza kuuvuta ukafunguka. Wote wakiuachia, springi inaurudisha. Mimi kwanza sikuweka springi, waya ukaning'inia tu. Halafu nikaweka komeo la chuma, na aliyevuta akaumia. Springi ya waya ni rezista, kati ya waya na chanya ya betri.

Rezista! Zote zilikuwa mfukoni mwangu, bado kwenye magazeti yake!

Akachomelea moja, akabadilisha pia ile transista iliyoungua. Mlango wa nyuma: kelele. Wa stoo: kelele. Yote imefungwa: kimya kitamu kama asali. Mzee akageuka. Haya binti, sasa unataka nini?

Nikasema rezista moja.

Polycarp akadakia kwamba yeye anataka kiti. Hapo ndipo Mama akaingia. Anauza sabuni kwa jumla, na sauti yake ni ya jumla pia. "Mzee Mansukhlal! Huyu hana haja na rezista! Anataka kazi! Mchukue kabla hajaniunguzia nyumba!"

Mzee akashika kichwa. Kumbe! Alidhani nina duka langu la redio mtaa wa pili.

Kiti ni changu!! Polycarp ameshavipanga vile vifaa juu ya soksi na kuviita vya mtumba.

Jumatano, 9 Februari

Nimekaa kazini. Nimefikiri sana jinsi nilivyofaulu. Jibu: mpango wa mteja wa kwanza. Mama alisaidia kidogo, upande wa kelele.

Tatizo moja. Sijui choo kiko wapi. Mama Khushi, mke wa Mzee, ananiletea chai ya tangawizi na kikombe hakikauki. Kumuuliza? Hapana! Jioni nimekimbia kutoka dukani hadi nyumbani bila kumsalimia mtu.

Lakini mpango upo, na mzuri kuliko wa kwanza. Swichi chini ya meza yangu, transista, waya hadi jikoni, taa nyekundu juu ya jiko la Mama Khushi. Taa ikiwaka anakuja, ananitazama usoni, anaelewa mwenyewe. Rezista safari hii siisahau.

Mama anasema swali moja lingetosha. Mama hajui elektroniki. Taa itakuwa tayari baada ya wiki mbili. Mpaka hapo nitasema daktari amenikataza chai.