Mwananchi wa Kwanza Kusahau Rasmi

Mamlaka ya Nywila na Kumbukumbu za Nyumbani ina furaha kuutangazia umma kwamba kusahau nywila ya waifai ya nyumbani kwako si balaa tena. Sasa ni huduma. Zamani wananchi walisahau kiholela, kila mtu kwa wakati wake, na serikali haikupewa taarifa. Mimi, kama Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, niliona aibu hiyo haiwezi kuendelea, nikaandaa Mwongozo.

Wenye nia mbaya watauliza hali ilikuwaje kabla ya Mwongozo. Ilikuwa mbaya. Nyuma ya kila kisanduku cha intaneti palikuwa na kitundu, na ndani ya kitundu kulikuwa na kitufe. Mwananchi aliyesahau nywila alichukua pini, akabonyeza, akaweka nywila mpya, akaendelea na maisha yake. Hakupanga foleni. Hakuambiwa njoo kesho. Alimaliza shida yake bila kumjua afisa hata mmoja. Nchi haijengwi hivyo. Tukapita nyumba kwa nyumba tukaziba vitundu vyote kwa lakiri yenye nembo, na kuivunja lakiri hiyo ni kosa la jinai.

Badala ya kitufe tukaweka madirisha manne. Dirisha la kwanza unathibitisha kwamba wewe ni wewe. La pili, majirani wawili wanathibitisha kwamba waifai ni yako. La tatu, tunakutumia ujumbe wa uthibitisho ambao, kwa usalama zaidi, unasomeka tu kupitia waifai ileile iliyofungwa. La nne ni Swali la Siri.

Swali la Siri ni moja kwa nchi nzima, na alilitunga Mheshimiwa Waziri mwenyewe, akinywa chai ofisini kwangu: "Ni kiongozi gani unayemwamini kuliko wote?" Alisema amelichagua kwa sababu mwananchi hawezi kulisahau jibu lake. Watu wote walijibu mwaka jana, kila mmoja nyumbani kwake, na majibu yakafungiwa ndani ya mfumo ambamo hata sisi hatuwezi kuyasoma. Mfumo ule hauna mjomba wala shangazi. Hilo nililisimamia mimi, na nimelisifia katika hotuba nyingi.

Uzinduzi ulipangwa Jumatatu. Jumapili jioni nilibadilisha nywila ya nyumbani kwangu, kama Mwongozo unavyoagiza: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama isiyotamkika, na isiandikwe popote wala isiambiwe mtu, hata mke. Asubuhi niliamka, nikaoga, nikafunga tai, nikaitafuta kichwani. Haikuwepo.

Mke wangu alikuwa jikoni, mkono mmoja kiunoni, simu mkono wa pili.

"Waifai imekataa," alisema.

"Haijakataa. Inasubiri nywila sahihi."

"Basi tupe hiyo paswedi."

"Ni siri."

"Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo wewe. Sema, mwanao ana usaili leo."

Nikaitazama sakafu. Mwanamke niliyeishi naye miaka yote hii hahitaji ripoti ndefu.

"Umesahau," alisema.

"Nipo katika hatua za awali za kusahau."

Hapo binti yetu akatoka chumbani amevaa blauzi yake nyeupe, imepigwa pasi mpaka mikunjo imeomba msamaha. Saa nane mchana alikuwa na usaili wa kazi kwa video, na kampuni ya mbali. Ameomba kazi tangu amalize chuo, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kumjibu. Hakunilaumu. Aliifunga kompyuta yake polepole, akaiweka mapajani, na mimi ningependelea anilaumu.

Intaneti ya simu haikuwa suluhisho. Nyumba yetu iko bondeni, na simu hushika mnara kwa mtu aliyepanda juu ya tangi la maji tu, tena akae upande wa kushoto.

"Naweza kwenda kwa kinyozi," binti alisema. "Ana waifai nzuri."

"Ya kinyozi ni yetu," mama yake alijibu taratibu. "Na ya fundi cherehani ni yetu. Niliwagawia mimi, usinitazame hivyo."

Nikatambua kwamba kwa kubadilisha nywila moja nilikuwa nimeufungia mtaa mzima. Kiutawala, hayo ni mafanikio.

"Baba, toboa lakiri," binti alisema. "Pini hii hapa."

"Ni jinai."

"Nani atajua?"

"Mkurugenzi Mkuu."

Mke wangu akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Mganga hajigangi. Haya, bwana mkubwa, nenda kapange foleni kwako. Mimi napanda tangini na simu. Ukipata hiyo paswedi mpya, nipigie nimtajie mtoto. Saa nane, unanisikia? Si saa nane yenu ya ofisini."

Kwenye dirisha la kwanza nilimkuta karani niliyemwajiri mwenyewe, msichana mwenye nidhamu. Juu ya kichwa chake paliningʼinia picha yangu kwenye fremu.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Nimesahau nywila."

"Pole. Una uthibitisho gani kwamba wewe ni Mkurugenzi?"

"Umeniamkia kwa cheo sasa hivi."

"Hiyo ni adabu tu, mzee. Si uthibitisho." Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Huyu wa kwenye picha anatabasamu."

"Ni mimi huyo."

"Wote husema hivyo. Mwongozo unasema kufanana si kuwa."

"Sentensi hiyo niliiandika mimi."

"Ndiyo maana ni nzuri. Tabasamu basi."

Nikatabasamu. Akasema ya kwenye picha ina meno. Nikatoa meno. Watu kwenye foleni wakatoa yao pia, bila kuombwa, nikapitishwa.

Dirisha la pili halikunisumbua, kwa kuwa majirani walikuwa wamefika kabla yangu. Kinyozi alikuja na kitana sikioni, amemwacha mteja kanyolewa upande mmoja. Fundi cherehani alikuwa na futi shingoni. Wote wawili walikuwa na sura za wafiwa.

"Mnaifahamu waifai ya huyu mzee?" karani wa dirisha la pili aliwauliza.

"Kuliko yeye mwenyewe," alisema kinyozi. "Mvua ikinyesha inachechemea. Yeye akiwa na kikao nyumbani, inalala kabisa. Ni yake hiyo, haina ubishi."

"Mnaitumia kwa idhini ya nani?" niliingilia.

"Ya shemeji," alisema fundi cherehani. "Mtu wa watu yule. Angekuwa yeye Mkurugenzi, tungekuwa tumeshatoka hapa."

Dirisha la tatu ndilo lililonishika. Karani alinijulisha kwamba ujumbe wangu umetumwa kikamilifu kwenye waifai yangu iliyofungwa. Nikamwambia siwezi kuusoma. Akasema anaona, mfumo unaonyesha haujasomwa, tusubiri. Tukasubiri. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu alisema yeye anasubiri ujumbe wake tangu enzi za majaribio. Nikampongeza kwa uzalendo. Hakunishukuru.

Mchana ukasonga. Nilianza kuona kasoro ndogondogo katika dirisha la tatu ambazo, nadhani kwa sababu ya urefu wa kiti changu ofisini, sikuwahi kuziona. Nilimfikiria binti yangu na ile blauzi, nikaitazama saa ya ukutani, kisha nikaitazama tena. Nasema hivyo kwa masikitiko, kwani mkurugenzi hatakiwi kuitazama saa kwa ajili ya jambo lililo nje ya mpango kazi.

Saa nane kasorobo, milango ikafunguliwa yote kwa pamoja, na Mheshimiwa Waziri akaingia kuzindua. Alikuwa na mpiga picha wa runinga mbele, na nyuma watu wa kupiga makofi. Ratiba ilitaka aoneshwe mwananchi mmoja tuliyemfundisha kusahau, lakini macho yake yakaniangukia mimi.

"Mkurugenzi mwenyewe yuko kwenye foleni," alisema, akigeukia kamera. "Huo ndio uongozi. Mwananchi wa kwanza kusahau rasmi. Mpelekeni dirisha la nne, na jibu lake lioneshwe kwenye skrini kubwa, nchi nzima ione."

Karani wa kwanza, aliyekuwa ameitwa kuongoza zoezi, akauliza kuhusu dirisha la tatu. Waziri akasema dirisha la tatu limekwisha. Mzee wa kwenye benchi akasimama kwa matumaini, akaambiwa akae, halijakwisha kwa wote.

Tukiwa tunatembea, Waziri aliniinamia sikioni. "Tukimaliza hapa, kesho tunazungumza ule Ukatibu Mkuu wako. Nimeshamwambia mkubwa."

Cheo hicho nimekiota miaka. Nilijikuta natembea kwa kunyanyua magoti.

Nikakaa mbele ya kibodi. Karani akaweka simu yangu mezani, sauti ya juu, kwani utaratibu unataka nyumba iwe hewani wakati wa kurejeshewa. Mke wangu akasikika pamoja na upepo wa juu ya tangi.

"Mtoto yuko mbele ya kompyuta. Fanya haraka."

Swali likatokea ukutani kwa herufi kubwa kama milango: NI KIONGOZI GANI UNAYEMWAMINI KULIKO WOTE?

Hapa naomba nieleweke. Nywila nilikuwa nimeisahau. Jibu sikuwa nimelisahau. Nililiandika mwaka jana, siku ambayo maji hayakuwa yametoka wiki nzima, nimetoka kubeba ndoo kutoka mtaa wa pili na mgongo unaniuma. Niliandika la moyoni kwa kuwa mfumo ulikuwa umeniahidi siri, na ahadi hiyo nilikuwa nimeitoa mimi.

Waziri alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, ameshaandaa uso wa unyenyekevu. Nikaandika jina la Waziri.

JIBU SI SAHIHI. UMEBAKIZA MAJARIBIO MAWILI.

Makofi yaliyokuwa yameanza yakaishia hewani.

"Umesahau 'Daktari'," Waziri alisema kwa upole. "Wengi wanasahau 'Daktari'."

Nikaandika tena, pamoja na Daktari.

JIBU SI SAHIHI. JARIBIO LA MWISHO. UKIKOSEA, MTANDAO UTAFUNGWA KWA MIEZI MITATU.

"Mfumo una matatizo," alisema Waziri.

"Hauna," alisema karani. "Mkurugenzi aliuhakiki mwenyewe."

"Unafanya nini huko?" Mke wangu aliuliza kutoka mezani, na ukumbi mzima ukamsikia. "Jibu unalijua. Nilikuwepo ulipoliandika."

"Analijua?" Waziri aliuliza.

Kisha kwenye simu, kwa mbali, chini ya tangi, nikamsikia binti yangu. "Mama, mwambie Baba aache tu. Nitawaandikia kesho kwamba nilipatwa na dharura." Aliisema kwa sauti ya mtu anayemsitiri baba yake, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nikaweka vidole kwenye kibodi. Herufi zilitokea ukutani moja baada ya nyingine, mbele ya kamera, mbele ya wapiga makofi, mbele ya kinyozi na kitana chake: H, A, K, U, N, A.

Nikabonyeza.

JIBU NI SAHIHI, skrini ikasema. Chini yake, kwa maandishi mekundu, ikaongeza: TAHADHARI. JIBU LAKO NI DHAIFU. LIMETUMIWA NA WATEJA WENGI KULIKO JIBU LINGINE LOLOTE NCHINI. TAFADHALI CHAGUA JIBU AMBALO WATU HAWAWEZI KULIKISIA.

Nywila mpya ikachapishwa. Nikamsomea mke wangu, akampigia binti kelele chini, na baada ya muda akarudi kwenye simu. "Ameingia. Wanaongea. Anacheka nao. Haya, rudi nyumbani mume wangu, chakula kipo."

Sijawahi kupokea pongezi rasmi iliyonigusa hivyo.

Mpiga picha aliuliza kama akate. Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akaendelea.

"Hakuna?" Waziri aliniuliza.

"Mheshimiwa, siku ile maji hayakuwa yametoka."

"Utapangiwa kazi nyingine," alisema, na mimi, niliyewahi kuiandika sentensi hiyo kwa wengine wengi, nilishangaa kuona jinsi ilivyo fupi. Kisha akamgeukia karani. "Na hiyo takwimu imetoka wapi? Si mlisema majibu hayasomwi?"

"Hayasomwi, Mheshimiwa. Mfumo unahesabu tu yanayofanana. Haujui nani alijibu nini." Akaionyesha skrini kwa kidole. "Mpaka mtu asahau nywila yake, ndipo jibu lake linapotokea hapa kwenye skrini."

Waziri aliitazama skrini. Akaitazama kamera. Akamwambia mpiga picha akapige picha jengo kwa nje, linapendeza. Wapiga makofi wakaelekezwa kwenye soda. Alipoona pamebaki watu wachache, akamvuta karani pembeni, karibu na nguzo niliyokuwa nimeiegemea, akauliza kwa sauti ya chini, bila Udaktari wowote ndani yake:

"Hivi, mtu akitaka kubadilisha jibu lake la mwaka jana, anafanyaje?"

"Ni rahisi tu, Mheshimiwa," karani alisema. "Anaanza dirisha la kwanza, anathibitisha kwamba yeye ni yeye. Halafu majirani wawili."

Waziri akageuka kutafuta watu. Waliokuwa karibu ni kinyozi na fundi cherehani.

"Tungekusaidia, Mheshimiwa," kinyozi alisema, akichomoa kitana sikioni. "Ila sisi si majirani zako."