Raia wa Mwisho wa Kingi Mwape

Elisabethville, Cité
6 Juni 1929

Kwa Mtukufu Kingi Mwape,
Mkuu wa Chama cha Ngoma ya Mbeni cha Nyota ya Asubuhi

Mtukufu,

Mimi ni Kasonde, fundi cherehani, yule aliyekushonea koti la kutawazwa. Nakuandikia nikiwa nimekaa, na naomba radhi kwa hilo, maana kusimama nilikwisha kukusimamia. Siku ya uchaguzi, watu walipopanga mistari nyuma ya wagombea, nilisimama kwenye mstari wako tangu asubuhi mpaka mvua ikanilowesha. Uliahidi kwamba ngoma kubwa italia kila Jumapili na kila mfiwa atachezewa mtu wake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Sasa mwaka umepita, na kwa adabu zote nakuomba ushuke kitini. Sababu zangu ni hizi.

1. Ngoma kubwa ilipasuka siku ya Noeli. Naona haya kulitaja, kwa sababu ni wewe uliyeikalia. Badala ya kutafuta ngozi, ulimteua Gavana wa Ngozi. Huyo akasema hawezi kuanza kazi bila Gavana wa Mbao, naye wa Mbao akadai Jenerali wa Vijiti. Wanakutana kila Jumamosi, wanakula wali, wanapigiana saluti, wanakwenda zao. Tundu bado liko pale pale, na kuku wa jirani yetu Mama Amida ametaga ndani yake. Nasikia sasa kuna Kapteni wa kulinda mayai.

2. Kila anayelalamika unampa cheo. Bwana Alimasi aliuliza habari za ngoma saa nne, saa sita akawa Dokta Mkuu, ingawa akiona damu huanguka. Wale wa mstari wa mpinzani wako, waliokutukana mchana kutwa, wote ni magavana. Hatuna tena upinzani, na serikali yenyewe siioni.

3. Alama za mabegani nashona mimi, kwa hiyo hesabu hii haina shaka. Chama kina watu arobaini na watatu. Nimeshona jozi arobaini na mbili. Uzi wa dhahabu ulikwisha tangu Pasaka, na majenerali wa mwisho nimewakatia kutoka kwenye pazia la mke wangu Angélique, ambaye hajanisamehe. Aliyebaki na mabega matupu ni mimi. Basi, Mtukufu, raia wako wote, kuanzia wazee mpaka vijana, ndio mimi.

4. Raia wamechoka. Jumapili iliyopita tuliandamana mpaka stesheni. Wakubwa arobaini na wawili walitangulia na fimbo zao, mimi nikafuata nyuma na ngoma mbovu kichwani, mkono mmoja nikishikilia mayai yasimwagike, mkono wa pili nikipiga saluti. Tulipofika, majenerali watano walinikagua, wakasema mstari wangu umepinda. Wale wa chama cha mtaa wa pili, washindani wetu wa ngoma, walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mmoja muuza mihogo akaniuliza kwa huruma, « Baba, bakubwa beko bengi hivi, benye kucheza beko wapi? » Nilijigusa kifua.

5. Hili nalisema bila mzaha. Mama yangu, Kunda, alifariki mwaka jana. Unamjua. Alipika katika kila sherehe ya chama hiki, na sufuria ya mwisho aliipika akiwa tayari anakohoa. Jumapili hii tunaondoa matanga yake. Desturi yetu unaijua kuliko mimi: chama humchezea marehemu, na wakishamaliza ndipo sisi wafiwa tunanyoa, tunavaa nguo safi na kuruhusiwa kucheka. Ndugu zetu wa Sakania wanakuja na treni. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba wakubwa wako, na wote wamenijibu jibu moja: mwenye cheo hachezi, anatazama. Kwa hiyo atakayemchezea mama yangu ni mimi mfiwa, peke yangu, mbele ya viti arobaini na viwili. Inaniuma sana. Yule mama alikuwa akikusifia mpaka tukagombana.

Basi jana raia wako walikutana nyumbani kwangu. Walihudhuria wote. Walipiga kura, na hapakuwa na hata mmoja aliyepinga: Kingi ashuke, au avue koti aje kucheza Jumapili pamoja na magavana wake. Alama nitazifumua mwenyewe, wembe ninao.

Nisalimie Kwini Honorine, uwasalimie na wakubwa wote kwa kufuata ukubwa wao, na Mama Amida umwambie kuku wake ni mzima.

Ni mimi, raia wako kwa wingi wangu,
Kasonde

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, wajumbe wako wamefika na tarumbeta. Nimepokea kwa unyenyekevu cheo cha Gavana Mkuu wa Malalamiko. Nimekwisha kuisoma barua iliyo hapo juu na nimeona aliyeiandika hana shukrani, naagiza achunguzwe. Alama zangu nimezishona papo hapo. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, lakini ile nguo nyeupe tuliyoiweka kwa ajili ya kuondolea matanga ilitosha mabega yote mawili. Jumapili naomba kiti cha mbele. Kuna jambo dogo tu limebaki: Angélique ameniangalia mabega, kisha akaniuliza habari za Jumapili, « Sasa siku ya yenga ni nani atachezea mama? » Tangu aulize, Mtukufu, usingizi sijaupata. Tafadhali mtafutie cheo upesi, maana ameanza kuulizia kalamu.