Kaya Arobaini Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi
Kazi ya Misingi ya Afya ya Jamii imetoka. Kila mmoja atembelee kaya arobaini mtaa wa nyuma ya chuo, aulize nani ameharisha wiki mbili hizi na maji ya kunywa wanachota wapi. Mwisho Ijumaa. Somo hili nimeshalifeli mara mbili. Nikifeli mara ya tatu, nafungasha virago. Na mama keshawatangazia majirani kwamba mwanawe anasomea kutibu mji mzima.

Mtaa wenyewe ni mlima mtupu. Nimepata wazo.

Jumanne, 5 Machi
Kaya kumi na nane kabla ya chai! Zote nimezitembelea kitandani. Watu wangu wana vyoo safi na wanachemsha maji. Kaya moja nimeipa pacha, kwa ukarimu tu.

Mwenzangu wa chumbani, tunamwita Buti kwa ajili ya viatu vyake, karudi na kaya sita. Matope hadi magotini. Anasema mama mmoja alikuwa anafua, hana muda wa maswali, basi akamsaidia kusuuza na kuanika huku anamuuliza. Nilimcheka. Baadaye nikajiuliza kama mimi ningeweza. Nikaacha kujiuliza.

Alhamisi, 7 Machi
Buti kafikisha thelathini na moja na miguu imevimba. Nyumba nne kakuta zimefungwa, tatu wamemfukuza. Masikini wa watu. Mimi nimemaliza tangu jana. Nimepiga pasi shati.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Mhadhiri wetu, mama mfupi asiyepaza sauti, alisoma jedwali langu akiwa amesimama. Akauliza ilikuwaje kaya zote arobaini nikazikuta na watu, na hakuna aliyekataa kujibu. Nikasema watu wananipenda. Akauliza habari za kaya ya ishirini na saba, ambako mama ana miaka kumi na tisa na mwanawe wa kwanza kumi na mitano. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Kisha zamu ya Buti. Karatasi zake zimejaa "hayupo" na "amekataa". Lakini kakuta watoto kumi na wanne wanaoharisha, na kumi na wawili kati yao wanakunywa maji ya tangi moja lililopasuka kifuniko. Mhadhiri akampigia simu bwana afya papo hapo. Alasiri tangi likafungwa. Nilitaka kumwonea wivu Buti, nikashindwa. Nilimpigia makofi hadi viganja vikawaka. Huyu ndiye mtu wa kumwiga.

Mhadhiri kaniita pembeni. Kanipa wiki moja nirudie, na akasema hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mama yule ana moyo. Nilitoka machozi yananilenga.

Jumatatu, 11 Machi
Nimekuwa mtu mpya. Buti alijitolea kunisindikiza mtaani, nikamwambia asijisumbue, najua kosa langu lilikuwa wapi. Saa nne nilikuwa nimemaliza zote arobaini. Safari hii nyumba saba zimefungwa, watano wamekataa, na wa kaya ya kumi na mbili kanifungulia mbwa. Goti nimelikwaruza ukutani kwa ajili ya ushahidi. Linauma kweli. Hata ningetaka kwenda huko mtaani, sasa siwezi kutembea.