Operesheni ya Majilio

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeruhusiwa kutoka hospitali. Niko nyumbani, mtaa wa Pasua hapa Moshi, kitandani, chali. Kugeuka kushoto siwezi. Kulia nageuka kwa awamu.

Daktari kasema wiki sita. Nisinyanyue kitu, nisicheze, nisipaze sauti, na ikiwezekana nisicheke sana. Nikamuuliza kama anajua kazi yangu. Akasema anajua, mimi ndiye niliyekuwa MC kwenye harusi ya shemeji yake, na ndiyo maana anasisitiza hapo kwenye sauti. Sikupenda alivyosema.

Lakini mimi si mjinga. Nimechagua majilio makusudi! Wakatoliki hatufungi ndoa majilio, kwa hiyo hakuna sherehe ya maana mpaka Krismasi. Wao wanasali, mimi napona. Tarehe 28 ni harusi ya Grace, mpwa wa Mzee Sirili. Siku hiyo Wachagga wote wenye uwezo watakuwa wamerudi kutoka Dar na watakuwa ndani ya ukumbi mmoja. Atakayeshika kipaza sauti siku hiyo ana kazi mwaka mzima. Siku zote nimekuwa mimi. Wiki sita ni za watu wa kawaida.

Siri moja. Ugonjwa wenyewe ni henia. Yaani ngiri. Mji huu ukisema una ngiri, watu wanamtazama mke wako kwa huruma. Kwa hiyo nimetangaza kidole tumbo. Mke wangu, Mektrida, ameagizwa aseme kidole tumbo. Kasema atasema chochote ili mradi ninyamaze.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama ameshuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi. Kakagua tumbo. Kasema kupasuliwa ni kupasuliwa, na tiba yake ni ile ile: mtori, supu ya ndizi na nyama, asubuhi, mtori mchana, mtori jioni. Halafu akanifunga tumbo kwa kanga, kama mzazi aliyetoka leba. Nikamwambia mimi ni mwanaume. Akasema kidonda hakijui.

Saa kumi wakaja akina mama wa jumuiya kunipa pole. Wakanikuta na kanga tumboni na bakuli mkononi. Mmoja akanipa hongera. Mwingine akauliza kama mtoto ananyonya vizuri. Wakacheka mpaka wakaegemea ukuta, na mimi bahati mbaya nikacheka. Maumivu yale! Nilimwona Mtakatifu Petro akitafuta jina langu.

Walipoondoka akaingia Godwin. Huyu kanibebea spika miaka saba. Kila anachojua nimemfundisha mimi, hata namna ya kusema "wageni waalikwa naomba tusimame". Kaja na nanasi. Kainama, shikamoo kaka. Alitaka kuazima kipaza sauti changu kisicho na waya, ana komunio ya kwanza Jumapili huko Uru. Nikamwambia kimeharibika. Kilikuwa chini ya mto wangu. Nilipojiinua kupokea nanasi kikajibonyeza, taa ya kijani ikaanza kuwakawaka kwenye foronya. Godwin akaitazama. Akasema niugue pole.

Nanasi lilikuwa tamu. Halibadilishi kitu.

Jumapili, 15 Desemba

Rajabu, jirani yangu fundi sofa, alipeleka viti vya kukodi kwenye ile komunio ya Uru. Karudi na habari. Nilimwomba anipe zote. Bora ningemwomba nusu.

Godwin alipata kipaza sauti kwingine. Kavaa suti ya bluu. Katoa ile hadithi yangu ya mkwe na jogoo, watu wakacheka kuliko ninapoitoa mimi. Halafu akasimamisha umati wote, akawaomba wamwombee mwalimu wake, MC Rogath, aliyefanyiwa operesheni ya ngiri.

Ngiri! Kwenye spika! Uru nzima!

Rajabu kasema ilikuwa sala nzuri mno. Yeye ni Mwislamu na aliitikia amina.

Nikamwita Mektrida. Kakana. Kumbe ni Mama. Godwin alimuuliza aombee ugonjwa gani, na Mama akaona Mungu asije akapelekewa ombi la kiungo kingine.

Humu naweza kusema ukweli. Naogopa. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kufanya kazi nyingine. Ukininyang'anya kipaza sauti mimi ni mtu tu mwenye suti nyingi.

Jumanne, 17 Desemba

Nimesikia kamati ya harusi ya Grace inafikiria kumpa Godwin. Nikapanga shambulio. La upole.

Nimempigia Mzee Sirili, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati. Nikaanza kwa shikamoo na hali ya hewa ya Kibosho. Nikamwambia naendelea vizuri sana, jana nimezunguka nyumba mara kadhaa. (Nimezunguka kitanda.) Kisha, kwa masikitiko, nikamgusia Godwin. Kwamba ni kijana mzuri ila anapitia pombe ya mbege kabla ya kazi. Kwamba mwaka jana alimwita bibi harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bwana harusi. Hilo la pili lilitokea kweli. Lilinitokea mimi, lakini ukumbi ulikuwa na kelele.

Nikasikia kikohozi ambacho si cha Mzee Sirili.

Mzee akaniambia, taratibu kabisa, kwamba simu iko kwenye spika, kamati nzima inanisikia, na Godwin yuko hapo anawagawia soda. Sauti ya mama mmoja kwa mbali ikasema aliyekosea jina nilikuwa mimi, anakumbuka vizuri, bibi harusi mwenyewe alikuwa mwanaye.

Nikakata. Nikapiga tena kueleza kwamba simu yangu imeibiwa na mtu anayeiga sauti yangu. Hawakupokea.

Ijumaa, 20 Desemba

Ujumbe wa kamati umefika. Wamempa Godwin. Mimi wameniombea afya njema.

Sijala. Yaani nimekula mtori, lakini bila moyo.

Halafu, mchana, nikiwa nimelala natazama dari, akili ikafunguka. Isale! Lile jani refu tunalopanda mipakani. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi, hukatai. Awe amekuibia, awe amekutukana, ukishalipokea umesamehe. Sasa kamati ikinisamehe, maana yake mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Na yalivyokuwa, MC nilikuwa mimi. Sioni pa kutokea kwao.

Nimemweleza Mama nataka kwenda na isale kwa Mzee Sirili. Akaniuliza kama nimetubu kweli, maana isale halichezewi. Nikasema nimetubu kabisa. Kanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema vizuri, atalikata mwenyewe kwenye mpaka wa shamba la baba yangu na atanisindikiza. Nilishangaa alivyokubali haraka. Mama mzuri.

Jumatatu, 23 Desemba

Tumepanda Kibosho kwa pikapu ya Rajabu. Barabara ina mashimo, kwa hiyo alinilaza nyuma kwenye sofa ya mteja. Nimepita katikati ya soko nimelala kwenye sofa nyekundu, nimeshika jani. Watu walivua kofia.

Kwa Mzee Sirili nikainama kadiri nyuzi zilivyoruhusu. Nikatoa isale. Nikasema nimekosa. Sauti ilitetemeka vizuri sana, hata mimi iliniingia. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, machozi yakamlenga. Akasema yaishe. Ushindi!

Kisha akasema niliyemkosea zaidi si yeye. Akaita nyuma ya nyumba, akatoka Godwin. Isale likahamia kwa Godwin. Akanisamehe kabla sijamaliza sentensi. Tukaletewa mbege, tukanywa kwenye kata moja ya kibuyu.

Nikaona wakati umefika. Nikauliza Jumamosi nilete vyombo saa ngapi.

Mzee Sirili akaniuliza vyombo vya nini. Akanieleza, kama unavyomweleza mtoto, kwamba tukishapatana mbele ya isale jambo limezikwa. Atakayelifukua, lawama ni yake. Jambo lenyewe ni mimi, Godwin na harusi hii. Godwin ndiye MC, na mimi sina ruhusa ya kusema neno baya juu ya hilo mpaka nife. Kwa heshima, nimepewa kiti meza ya wazee.

Njiani kurudi nililalamika kutoka kwenye sofa. Mama, aliyekaa mbele, akateremsha kioo akasema alilikata jani lile kwa ajili ya Godwin, siyo kwa ajili yangu. Alijua tangu Ijumaa. Nimelelewa na mtu hatari.

Jumamosi, 28 Desemba

Asubuhi. Mektrida amenifunga mkanda wa tumbo na kanga juu yake. Ameniapisha nikae, nile, nipige makofi kidogo, nirudi nyumbani. Nimeapa.

Suti nyeupe. Naenda kukaa tu.

Jumatatu, 30 Desemba

Naandikia hospitalini. Wodi ile ile. Kitanda cha dirishani, kwa hiyo kuna maendeleo.

Nitasema kilichotokea bila kuongeza. Nilikaa. Godwin alikuwa mzuri. Iliniuma kuliko nyuzi. Watu wa Dar wanaulizana jina lake, mama mmoja anamrekodi, Mzee Sirili anajifuta machozi ya kicheko. Sikusema neno. Naliheshimu isale.

Ndipo ndafu akaingia. Wapishi wanacheza naye, mbuzi mzima wa kubanikwa kwenye sinia, majani mdomoni. Godwin anawaongoza. Kwa maoni yangu, polepole. Ndafu anaingia kwa kishindo, haingii kama maandamano ya Ijumaa Kuu! Nikakumbuka kwamba isale linakataza kusema. Kuhusu kucheza hakuna aliyetaja kitu.

Nikasimama. Nikampokonya mpishi upande wa mbele wa sinia. Nikapiga hatua, nikayumba kwa madoido, nikageukia akina mama. Vigelegele! Nilikuwa nimerudi kazini. Kisha nikasikia kitu kikiachia tumboni, nikaanguka chali, na mbuzi akaja juu yangu.

Ukumbi mzima ulisimama. Walidhani imepangwa. Mjomba mmoja kutoka Dar alikuja akicheza, akabandika noti kwenye paji la uso la mbuzi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kupigiwa makofi namna ile.

Godwin peke yake ndiye aliyeelewa. Alitupa kipaza sauti, akamwondoa mbuzi, akanibeba mikononi mpaka nje huku analia, kaka, kaka, usifumbe macho. Alilia kweli. Nikamtazama nikajua nimemshinda.

Jana wamenishona upya. Daktari kasema miezi mitatu, na kwamba nisionekane harusini hata kama mgeni. Mektrida haongei na mimi. Mama anaongea na Mektrida, na mtori unakuja kwa wakati.

Leo saa za kuona wagonjwa, dada mmoja anaitwa Victoria kaja kumwona baba yake kitanda cha jirani. Akanitazama. Akatazama simu yake. Akanitazama tena. Kumbe video yangu na mbuzi imefika Tarakea, imevuka mpaka, inatazamwa Kenya. Kasema hajacheka hivyo tangu azaliwe, na kwamba hakujua Moshi ina mchekeshaji wa kiwango kile. Ana send-off, sherehe yake ya kuagwa kwao, Februari, kabla ya Kwaresima. Akauliza kama nina nafasi.

Nikamwambia ninayo.

Akauliza, kwa adabu, kama pale pa kuanguka naweza kuparudia, maana ndugu zake wote wanapasubiri. Nimemwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Mbuzi watatafuta wao.